Mpaka baina ya Kichekesho cha Kisiasa na Tusi: Mifano ya Katanga na Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi ya Waluba kuhusu chanzo cha ufalme wao, yapo matoleo yanayoeleza kwamba mtawala Nkongolo Mwamba alishindwa mchezoni na mpwa wake, kijana Kalala Ilunga, na mama yake Nkongolo alipoona hivyo akaangua kicheko mbele ya watu. Nkongolo akaamuru mama yake azikwe akiwa hai. Baadaye Kalala Ilunga alikimbilia kwa baba yake, mwindaji Mbidi Kiluwe, akarudi na jeshi, akamwua mjomba wake na kusimika ufalme mpya.

Kisa hiki hakitajwi hapa kama historia iliyothibitishwa, bali kama fikra ambayo jamii imeihifadhi kwa vizazi vingi. Fikra yenyewe ni kwamba kumcheka mtawala ni tendo la kisiasa, na kwamba mtawala asiyestahimili kuchekwa ameanza kupoteza haki yake ya kutawala. Hata hivyo, kisa hakisemi kwamba kila kicheko ni halali. Swali hilo limeachwa wazi, nalo ndilo linalojadiliwa katika makala haya: ni mahali gani kichekesho cha kisiasa huacha kuwa ukosoaji kikawa shambulio la kumdhalilisha mtu?

Katika mji kama Kamina, ambamo Kiluba husemwa nyumbani, Kiswahili sokoni na kituo cha reli, na Kifaransa ofisini na darasani, swali hili si la nadharia tupu. Neno moja la mzaha likitoka lugha moja kwenda nyingine huweza kubadilika uzito njiani. Aidha, Katanga imewahi kulipa gharama kubwa kwa sababu ya neno moja tu la dhihaka, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya 7.0.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mpaka unaotafutwa hauko kwenye ukali wa neno, wala kwenye ukubwa wa cheo cha anayechekwa. Uko kwenye jibu: je, anayechekwa ameachiwa nafasi ya kujibu, ama kwa maneno ama kwa kurekebisha tendo lake? Pale ambapo kicheko kinamwandama mtu katika jambo asiloweza kulijibia, hapo tusi limeanza.

2.0 Maneno yenyewe

Kiswahili kina maneno mengi ya uwanja huu, na maneno hayo si visawe kamili. Mzaha na utani huashiria mchezo, ingawa utani una maana nyingine ya kijamii itakayoelezwa baadaye. Kejeli ni kumcheka mtu kwa maneno ambayo mara nyingi husema kinyume cha kinachokusudiwa, kama vile kumsifu mvivu kwa bidii yake. Tashtiti, istilahi inayotumiwa zaidi na wahakiki wa fasihi, ni sanaa inayokosoa maovu ya jamii kwa kuyafanya yachekeshe. Dhihaka na stihizai zina chembe ya dharau: mwenye kudhihaki humtazama mwenziwe kutoka juu. Kijembe na mpasho ni maneno makali yanayorushwa bila kutaja jina la mlengwa.

Upande wa pili wa mpaka kuna kashfa na tusi. Asili ya maneno haya inastahili kuangaliwa. Kashfa limetoholewa kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kufunua. Basi kukashifu ni kufunua kilichofunikwa. Tatizo ni kwamba vitu viwili tofauti kabisa huweza kufunuliwa: wizi uliofichwa, ambao umma una haki ya kuujua, na uchi wa mtu, ambao umma hauna haja nao. Tusi, kwa upande wake, lina mzizi wa Kibantu sawa na kitenzi tukana, nalo halifunui lolote. Humvunjia mtu heshima bila kuongeza habari yoyote juu yake. Msikilizaji wa tusi hajui zaidi ya alivyojua kabla ya kulisikia.

Kitenzi cheka nacho kina la kutueleza. Tunasema kucheka na mtu, na kiunganishi na kinawaweka wachekaji wawili upande mmoja. Tunasema kumcheka mtu, na kiambishi cha mtendwa kinamgeuza mwenzetu kuwa shabaha. Tunasema kumchekesha mtu, na hapo kicheko ni zawadi anayopewa. Mchekeshaji wa kisiasa hufanya mambo haya matatu kwa wakati mmoja: huwachekesha watazamaji, hucheka nao, na humcheka mtu wa tatu ambaye mara nyingi hayupo ukumbini. Ugumu wa kazi yake, pamoja na hatari yake, umo katika huyo wa tatu.

3.0 Sentensi tano kuhusu daraja

Ili kuonyesha mpaka unavyopita, na tuchukue hali ya kubuni: daraja lililojengwa kwa fedha za umma limesombwa na mvua ya kwanza. Mchekeshaji aweza kusema mojawapo ya sentensi zifuatazo:

(a) Daraja letu ni hodari: mvua ya kwanza tu, limekwisha safiri.
(b) Mheshimiwa amekula daraja, sasa anatafuta mto wa kushushia.
(c) Mheshimiwa ana tumbo kama ngoma.
(d) Mheshimiwa ni mtoto wa haramu, mama yake alijulikana mjini.
(e) Watu wa kabila lake ndivyo walivyo, ni wadudu wa kula tu.

Sentensi (a) ni kejeli safi. Haimtaji mtu, hucheka jambo lililotokea, na mhusika akitaka kujibu ana njia nyepesi: ajenge daraja jipya.

Sentensi (b) inamwingia mtu mwenyewe, lakini kwa mlango wa tendo. Kitenzi kula kimezoeleka katika siasa za nchi zetu zote: watu hula rushwa, hula mradi, hula nchi. Sitiari hiyo ina madai ndani yake, yaani kwamba fedha zimeibwa. Ikiwa madai ni ya uongo, mheshimiwa amekashifiwa. Lakini hata hapo anaweza kujibu kwa kuonyesha hesabu. Jibu lipo, ingawa ni gumu zaidi.

Sentensi (c) ina utata, na kwa mchambuzi ndiyo yenye mafunzo mengi. Katika sanaa ya katuni, tumbo kubwa ni alama ya ulaji: wasomaji hawaoni mwili, wanaona bajeti. Ikiwa muktadha ni daraja lililoliwa, tumbo ni mwendelezo wa sentensi (b). Ikiwa mheshimiwa ana maradhi yaliyomvimbisha tumbo, maneno yale yale yanakuwa ukatili. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba orodha ya maneno yanayokatazwa haiwezi kuwa kipimo. Neno moja huvuka mpaka na kurudi kulingana na linachokirejelea.

Sentensi (d) haina utata. Mheshimiwa hakuchagua kuzaliwa kwake, wala hawezi kukurekebisha. Mbaya zaidi, anayepigwa ni mama yake, ambaye hakuomba kura wala hakujenga daraja. Sentensi (e) inakwenda mbali kupita zote. Mtu mmoja ametoweka kabisa, na mahali pake pamesimamishwa watu maelfu ambao hawana daraja la kulijibia.

4.0 Utani: ruhusa yenye masharti

Mtu aweza kupinga kwa kusema kwamba utani unaruhusu yote hayo. Ni kweli. Utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo nchini Tanzania unaohusishwa na njia za misafara ya zamani, humruhusu mtani amcheke mwenziwe sura, chakula, kabila na hata maiti yake. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, aliueleza uhusiano huu kuwa mchanganyiko wa urafiki na uadui wa kuigiza, ambao mtu hatakiwi kuukasirikia.

Lakini ruhusa hiyo ina masharti, nayo ndiyo yanayoangaza hoja yetu. Kwanza, watani hutaniana: kiambishi -an- si pambo, bali ndicho moyo wa uhusiano wenyewe. Anayechekwa leo ana haki ya kucheka kesho. Pili, mtani ana wajibu wa kusaidia. Anayemcheka marehemu msibani ndiye huyo huyo anayetarajiwa kushika kazi za mazishi. Tatu, watani wanajulikana. Mpita njia hajiamulii tu kuwa mtani wa mtu.

Gavana na raia si watani kwa maana hiyo. Gavana ana kipaza sauti, redio na askari, naye raia ana ulimi wake. Kwa hiyo mwelekeo wa kicheko ni jambo la msingi. Raia akimcheka gavana, gavana anaweza kujibu wakati wowote. Gavana akimcheka raia, jibu la raia huweza kumfikisha gerezani. Hivyo basi, kutaja utani kama kisingizio cha mwenye madaraka kuwacheka wanyonge ni kuchukua ruhusa ya utani na kuyaacha masharti yake.

5.0 Jukwaa na fumbo

Jamii zetu zimebuni njia mbili za kumcheka mkubwa bila kuvuka mpaka. Njia ya kwanza ni jukwaa. Katika Katanga mfano mashuhuri ni kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo liliigiza kwa Kiswahili cha mji huo redioni na katika televisheni. Mwaka 1986, chini ya utawala wa chama kimoja, kundi hilo lilitunga na kuonyesha kijijini Kawama, karibu na Lubumbashi, mchezo uliotokana na usemi kwamba madaraka huliwa mazima. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefuatilia utungaji wake hatua kwa hatua, aliuchapisha na kuuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mchezo uliwekwa katika kijiji cha chifu, wala si katika ikulu ya rais. Watazamaji waliachiwa wenyewe kazi ya kupima umbali kati ya kijiji na dola. Kutoka kwa usemi huo, kitenzi kula kilikwisha kuwa uchambuzi wa siasa bila mtu yeyote kutukanwa.

Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walijulikana kwa kundi la Redykyulass. Waliigiza sauti na mikogo ya Rais Daniel arap Moi, jambo ambalo miaka michache kabla yake lisingefikiriwa hadharani. Je, kuiga sauti ya mtu si kumcheka mwili wake? Jibu ni kwamba sauti iliyoigwa ilikuwa ile ya hotuba, iliyosikika redioni kila siku kwa miaka zaidi ya ishirini. Ilikuwa mali ya cheo kuliko mali ya mtu. Mwigaji alipoikwaruza sauti yake, watu walicheka utawala uliokuwa ukizungumza nao bila kuwasikiliza.

Njia ya pili ni fumbo. Wapenzi wa taarabu wanakumbuka mashindano ya mipasho ya miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam baina ya Tanzania One Theatre na Muungano, ambapo waimbaji walirushiana vijembe vikali bila kutajana majina. Wahenga wamesema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Faida ya fumbo ni kwamba humwachia mlengwa mlango wa kutokea, kwani anaweza kusema, "Si mimi." Akiamua kukasirika, yeye mwenyewe ndiye aliyejitaja.

Hilo lilionekana Kinshasa mwezi Novemba 2020. Mwimbaji Tshala Muana alitoa wimbo kuhusu utovu wa shukrani, usiotaja jina la mtu yeyote. Wasikilizaji wengi waliuhusisha na mvutano wa wakati ule baina ya Rais Félix Tshisekedi na mtangulizi wake Joseph Kabila. Tarehe 16 mwezi huo mwimbaji akakamatwa na idara ya usalama, akaachiwa siku iliyofuata. Kukamatwa kwake kuliongeza kitu ambacho wimbo wenyewe haukuwa nacho, yaani jina.

6.0 Tusi la makusudi

Mfano unaoijaribu vikali hoja ya makala haya unatoka Uganda, tena katika mazingira ya chuo kikuu. Dkt. Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, mwaka 2017 aliandika katika mtandao wa Facebook akimfananisha Rais Yoweri Museveni na makalio. Jambo moja lililomkasirisha mwaka huo lilikuwa tendo la kiserikali: ahadi ya kampeni ya kuwapatia wasichana wa shule taulo za hedhi, ambayo waziri wa elimu, mke wa rais, alieleza baadaye kuwa haina fedha. Nyanzi alikamatwa Aprili mwaka huo. Mwaka 2018 alichapisha shairi lililozungumzia uchi wa mama mzazi wa rais, aliyekwisha kufariki mwaka 2001. Agosti 2019 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kumsumbua mtu mtandaoni na kumhukumu kifungo cha miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo, naye akaachiwa huru.

Watetezi wake wana hoja nzito isiyopaswa kupuuzwa. Wanasema kwamba adabu yenyewe ilikuwa imetekwa na watawala: kila aliyesema kwa upole hakusikilizwa, na kila aliyesema kwa ukali aliambiwa hana heshima. Uganda ina historia ya ukosefu wa adabu wa makusudi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Semakula Mulumba aliwaandikia wakubwa wa kikoloni na wa kanisa barua za kuvunja staha, akikataa karamu zao, kwa sababu aliona kwamba kula nao kwa adabu ni kukubali utawala wao. Kwa mtazamo huo, tusi ni chombo cha mnyonge aliyenyimwa vyombo vingine vyote.

Hoja hii yapasa kupokewa kwa sehemu. Neno makalio, likielekezwa kwa mtu mwenye jeshi na redio, ni kali na halipendezi, lakini mlengwa anaweza kulijibu, tena jibu lilijulikana: kuwapatia wasichana walichoahidiwa. Shairi la mama ni jambo jingine. Marehemu hakuwa na cheo, hakutoa ahadi, wala hana kinywa cha kujibia. Hapo mpaka ulivukwa. Lakini kuvukwa kwa mpaka wa adabu hakuhalalishi kifungo cha miezi 18. Kukosea katika lugha na kustahili gereza ni mambo mawili, na mtu aweza kulaumu shairi na kulaumu hukumu kwa pumzi moja. Nkongolo alimzika mama aliyecheka. Haifuati kwamba kumcheka mama wa mtawala ndiyo dawa ya Nkongolo.

7.0 Neno "bilulu"

Hadi hapa imezungumzwa mifano ya watu mmoja mmoja. Lakini madhara makubwa zaidi ya dhihaka ya kisiasa katika eneo letu hayakumpata rais wala gavana. Yaliwapata majirani.

Katika miaka ya 1991 hadi 1993, wakati mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba, majukwaa ya siasa yalijaa maneno dhidi ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa migodi na reli, na watoto wao waliozaliwa hapa hapa. Katika mikutano ya hadhara ya UFERI, chama kilichotawala siasa za mkoa wakati huo, waliitwa "bilulu", yaani wadudu katika Kiswahili cha Katanga. Umati ulicheka. Neno lilikuwa jepesi na la nyumbani: kila mtoto alijua kwamba wadudu huingia katika unga, na kila mama alijua wanavyoondolewa.

Kwa mtazamo wa isimu, kazi iliyofanywa na neno hilo ni kubwa kuliko sauti yake. Kwanza, lilihamisha lawama kutoka tendo hadi asili. Malalamiko kuhusu ajira au vyeo, yawe ya haki au la, ni malalamiko kuhusu matendo, na yanaweza kujadiliwa. Mdudu hajadiliwi. Pili, lilimwondoa mtu katika jina la mtu. Umbo la ki-/bi- halishushi hadhi lenyewe, maana tunasema pia kiongozi na kijana, lakini maana ya neno lile iliwatoa walengwa katika kundi la watu wenye haki ya kujibu. Tatu, lilibeba amri ndani yake bila kuitamka, kwani mdudu wa ghalani ana matumizi mamoja tu ya kitenzi: kuondolewa.

Nao wakaondolewa. Baada ya Agosti 1992, Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alipochaguliwa na Mkutano Mkuu wa Kitaifa kuwa waziri mkuu, ghasia zililipuka Lubumbashi na Likasi, na mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Watu maelfu kwa maelfu walifukuzwa majumbani mwao. Wengi walikaa kwa muda mrefu katika vituo vya reli wakingoja treni, na wengine wakafa kwa njaa na magonjwa. Reli ya kwenda Kasai inapitia Kamina. Hakuna njia nyingine ya treni. Waliokwenda Mwene-Ditu wakiwa wamebeba magodoro na watoto walipita katika stesheni hii hii, ambako Kiswahili walichoongea kilikuwa sawa na cha waliowatazama.

Wahenga wa pwani wamesema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hii mara nyingi hutumiwa kuwaonya watoto wanaocheza vibaya. Katanga ya miaka ile inaipa uzito mwingine.

8.0 Sheria na mpaka

Je, sheria inaupitisha mpaka mahali panapostahili? Sheria ya jinai ya Kongo ina mgawanyo wenye manufaa kwa mchambuzi wa lugha. Ibara ya 74 inamwadhibu anayemzushia mtu hadharani na kwa nia mbaya jambo mahususi linaloweza kumvunjia heshima. Kifungo chake ni siku 8 hadi mwaka mmoja. Ibara ya 75 inamwadhibu anayemtukana mtu hadharani, kwa siku 8 hadi miezi 2. Zote mbili zinaruhusu pia faini. Huu kwa hakika ndio mgawanyo wa kashfa na tusi ulioelezwa katika sehemu ya 2.0: kashfa ina madai yanayoweza kuchunguzwa, tusi halina.

Lakini juu ya ibara hizo iliwekwa amri yenye nguvu ya sheria Na. 300 ya tarehe 16 Desemba 1963, inayohusu kumvunjia heshima mkuu wa nchi. Hapa kipimo si tena jambo lililosemwa, bali cheo cha aliyesemwa. Na nchi jirani zina mfano wake. Mwezi Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan wa Tanzania alikamatwa baada ya kujirekodi akicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli aliyevaa suti kubwa kuliko mwili wake, na hatimaye akashtakiwa kwa kosa linalohusu usajili wa laini ya simu. Hakukuwa na tusi wala kashfa. Palikuwa na kicheko na suti. Nchini Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi ya kompyuta kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno hata mtu asingeweza kujua mapema ni usemi gani uliokatazwa.

Kongo ina pia amri yenye nguvu ya sheria Na. 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966, inayokataza ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Ilikuwapo tangu zamani wakati neno "bilulu" lilipotamkwa kwenye vipaza sauti, wala haikuwazuia waliotamka. Linganisho hili ni chungu. Pale ambapo mtu mwenye nguvu zote za kujibu alichekwa, sheria ilikuwa macho. Pale ambapo watu wasio na namna ya kujibu walichekwa, sheria ililala.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mpaka baina ya kichekesho cha kisiasa na tusi hauwezi kupatikana katika kamusi wala katika orodha ya vyeo. Maswali matatu yanaweza kumsaidia mchekeshaji, mhakiki, na hata hakimu. La kwanza: kinachochekwa ni tendo au ni umbile, uzazi na kabila? La pili: anayechekwa ni yule yule aliyetenda, au ni mama yake, mtoto wake, jamaa yake? La tatu: anao uwezo wa kujibu, na anayemcheka yuko tayari kujibiwa?

Maswali haya hayatafuta ubishi wote. Sentensi (c), ile ya tumbo, itaendelea kubishaniwa, na ni vyema iwe hivyo, kwa kuwa ubishi wenyewe ni aina ya jibu. Lakini yanatosha kutenganisha daraja na kabila. Walimu wa Kiswahili katika vyuo vyetu hufundisha istilahi za kejeli na tashtiti kama tamathali za kukariri kwa ajili ya mtihani. Katika mkoa ambao treni zake zimewahi kubeba matokeo ya neno moja, wanafunzi wanastahili kufundishwa pia mahali tamathali hizo zinapokoma.